Kivuli cha Toleo la Kumi na Nne

Mwanangu alinipigia simu Jumapili kama kawaida yake. Akaniuliza kama nimekula, kama maji yanatoka, kama goti bado linasumbua. Halafu akanyamaza. Nikajua kuna jambo, maana huyu mtoto tangu utotoni akitaka kitu kigumu huanza kwa kunyamaza.

"Mama, huna picha ya baba?"

"Picha ipi?"

"Yoyote ile. Mjukuu wako ananiuliza babu alikuwaje. Nimemwambia alikuwa mrefu. Ananiuliza, mrefu kama nani?"

Nikamwambia nitatafuta. Nilisema hivyo ili tuagane vizuri tu, kwa sababu nilijua hakuna. Picha yetu ya harusi ililowa mwaka ule paa la chumba cha mbele lilipovuja, ikagandana na kioo cha fremu. Nilipojaribu kuibandua, sura zetu zilibaki kwenye kioo vipande vipande, na mkononi nikabaki na karatasi nyeupe. Kitambulisho chake alikichukua karani siku nilipokwenda kuandikisha kifo. Alikitoboa kwa mashine ya kutobolea karatasi, katikati ya uso, akakitupa kwenye droo pamoja na vingine. Hakuwa na nia mbaya, ndiyo kazi yake. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nikamwambia asante.

Zaidi ya hapo, mume wangu hakuwa mtu wa kupigwa picha. Ukimwelekezea kamera alitoka pale aliposimama, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Ilikuwa mazoea ya kazi. Kwa miaka kumi na saba kazi yake ilikuwa kuwatoa watu kwenye picha.

Inabidi nieleze, kwa sababu kazi hiyo haipo tena na waliokuwa wanaijua tumebaki wachache.

Tulikuwa na jarida. Nasema tulikuwa nalo ingawa lilikuwa la Msanifu. Ndivyo tulivyomwita, Msanifu, hata mke wake alimwita hivyo. Alirudi kutoka masomoni ng'ambo na masanduku mawili, moja la nguo na moja la majarida ya ujenzi, na lile la majarida ndilo lililokuwa zito. Miaka hiyo mji ulikuwa unajengwa upya. Maktaba, ofisi za serikali, shule, hospitali, vyote vilijengwa kwa zege na vioo, na mapaa bapa na kuta zisizo na pambo lolote. Msanifu alisema majengo ya namna hii yasipoandikwa, watu watayapita kama wanavyopita milundo ya mchanga. Akakodi vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya umeme, akaanzisha jarida, akaliita Zege.

Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa kumi na sita zilizobanwa kwa pini. La mwisho lilikuwa la sitini na moja.

Chumba cha mbele kilikuwa chake, na meza ndefu iliyoinama na taa yenye shingo. Chumba cha nyuma kilikuwa chetu. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kupiga taipu. Kulikuwa na mpiga picha, mtu mnene mwenye kamera ya sanduku ya miguu mitatu, tuliyemwita Subiri kwa sababu hilo ndilo neno alilolisema kutwa nzima. Subiri wingu lipite, subiri upepo utulie, subiri yule baba amalize kupiga chafya. Na kulikuwa na kijana mrefu aliyebandika kurasa. Alikata safu za maandishi kwa kisu, akazipaka gundi, akazipanga kwenye kadi kubwa zenye mistari ya buluu, zikapelekwa kiwandani kuchapwa. Huyo ndiye aliyekuja kunioa.

Majarida ya ng'ambo yalitufikia kwa posta, yamechelewa miezi minne, yamefungwa kwa karatasi ya kaki. Msanifu alinawa mikono kabla ya kuyafungua. Sisi wote tulisimama nyuma ya mgongo wake akifunua ukurasa mmoja mmoja. Humo mlikuwa na nyumba nyeupe kama ganda la yai, ngazi zinazopanda bila kushikwa na chochote, viti vya mabomba. Nilitazama mara ya kwanza, nikatazama ya pili, ndipo nikauliza, "Wenyewe wako wapi?"

"Wenyewe nani?"

"Wanaokaa humo."

Subiri alicheka. Msanifu hakucheka. Alinieleza kwa upole kwamba mtu akiingia kwenye picha, msomaji humtazama mtu. Atataka kujua ni nani, kavaa nini, ameolewa au hajaolewa. Jengo litabaki nyuma yake kama pazia. Majarida yote makubwa yamelielewa hilo, akasema, na Zege nayo italielewa.

Sasa tatizo lilikuwa kwamba mji wetu ulijaa watu. Subiri alisubiri hadi miguu ikamvimba, lakini ghorofa likiisha leo kesho lina nguo barazani. Basi kijana wa gundi akapewa kazi ya pili. Alikuwa na mkono mtulivu. Alitumia wembe kukwangua, na brashi yenye nywele chache kupaka rangi ya maji, kijivu aliyoichanganya mwenyewe kwenye kifuniko cha chupa mpaka ikalingana na ukuta. Mlinzi aliyekaa juu ya debe aliondoka. Baiskeli iliondoka. Watoto waliondoka, na mpira wao. Tukamwita Kifutio.

"Kifutio," Subiri alimwambia siku moja, "ukija kwangu kula, hiyo brashi iache mlangoni. Nisije nikageuka sina mke."

"Shemeji ametulia. Ninayemwonea huruma ni wewe. Wewe kukumaliza inataka ndoo ya rangi."

Utani mwingine haukuishia kwenye kicheko. Shangazi yangu alikuwa amepata nyumba ghorofa ya tatu kwenye majengo mapya. Siku Subiri alipokwenda kupiga, mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kwamba atatoka kwenye jarida. Akavaa gauni lake la maua, akasimama barazani. Toleo lilipotoka alilinunua, halafu akapanda ngazi zetu nalo mkononi.

"Niko wapi?" akauliza. Hakusalimia hata mtu mmoja. "Baraza langu hili hapa. Chungu changu cha maua hiki hapa. Mimi niko wapi? Nilisimama pale mpaka shingo ikakakamaa!"

Msanifu alijifungia chumbani kwake. Kifutio ndiye aliyeinuka, akamvutia kiti, akaitafuta ile picha yenyewe kwenye faili, akaigeuza nyuma. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba nyuma ya kila picha iandikwe namba ya ukurasa, upana, na marekebisho yaliyofanywa. Wengine wangeandika "imesafishwa" tu, yakaisha. Yeye aliandika kwa penseli, kwa herufi ndogo zilizosimama wima. Shangazi akasoma kwa sauti: "Ametolewa: mama mmoja, gauni la maua, amesimama vizuri sana."

Alisoma mara mbili. "Vizuri sana," akasema. Akakunja jarida lake akaondoka. Jioni ile akaniuliza yule kijana mrefu ni mtoto wa nani.

Kuna mtu mwingine aliyetolewa ambaye hakuwa wa mtaani. Msanifu alitaka kila picha ya kwanza iwe na mtu mmoja aliyesimama karibu na mlango. Bila mtu, alisema, hata yeye aliyelichora jengo hawezi kuamua vipimo vya picha ukurasani. Mtu ni kipimo. Ukishapima, kipimo unakirudisha mfukoni. Na kwa kuwa Kifutio ndiye aliyekuwa akimbebea Subiri miguu ya kamera, yeye ndiye aliyesimama. Alisimama bila kofia, kwa sababu Msanifu alisema kofia inamwongezea mtu urefu na kipimo kinakuwa cha uongo. Kisha alirudi ofisini, akakaa mezani, akajitoa.

Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi nikiwa kwenye mashine yangu. Wakati huo sikuona ajabu yoyote.

Toleo la kumi na nne lilihusu maktaba, ile yenye ukuta mrefu usio na dirisha upande wa magharibi. Mwezi huo mimi sikuwa kazini, nilikuwa nyumbani na tumbo la miezi tisa. Picha ilipigwa saa kumi jioni, jua limelala, vivuli vimerefuka. Kesho yake mume wangu alikuwa mezani anamalizia ukurasa wa kumi na tisa, na kiwanda kinasubiri kadi, wakati simu ilipolia dukani chini. Mwenye duka akapaza sauti kwenye ngazi: "Kifutio! Mkeo ameshikwa!" Akaiweka brashi. Alifikiri amemaliza. Alikuwa ameshamtoa mtu, kuanzia nywele hadi viatu. Alichokuwa hajatoa ni kivuli.

Jarida lilichapwa nakala elfu mbili. Ukuta mweupe, mlango, na juu ya ukuta kivuli kirefu cha mtu, na hakuna mtu. Kivuli chenyewe kina kitu kimetokeza ubavuni kama bawa lililokunjwa. Mume wangu alinisimulia akiwa amekaa kando ya kitanda changu cha hospitali, mtoto amelala kati yetu, akimwiga Msanifu kwa kunong'ona ili asimwamshe. "Vivuli elfu mbili! Vivuli elfu mbili visivyo na wenyewe!" Alidhani amefukuzwa. Hata mimi nilidhani hivyo.

Baada ya miezi sita ikaja barua kutoka kwa mojawapo ya yale majarida ya ng'ambo. Waliomba ruhusa ya kuichapa ile picha. Waliandika kwamba hawajawahi kuona jengo la zama hizi likikiri kwa ujasiri namna ile kwamba binadamu yupo na hayupo. Msanifu alitusomea barua mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anashangaa. Mara ya pili alitikisa kichwa. Mara ya tatu akasema, "Ndiyo maana niliamua kukiacha."

Subiri akakohoa. Mimi nilikuwa nimerudi kazini, nikamtazama mume wangu. Alikuwa anachonga penseli.

Nyumbani nikamwambia, "Kwa nini husemi?"

"Niseme nini? Kwamba nilikosea? Mwache awe ameamua."

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo picha ya Zege. Ukimkuta mtu anayelijua jarida hilo, anakijua kivuli. Wameandika juu ya lile bawa. Mmoja alisema ni kitabu kilichofunguliwa. Mwingine alisema ni msomaji anayetaka kuruka.

Mengine yanajulikana. Saruji ikaadimika, kisha karatasi ikaadimika zaidi. Majengo yalianza kutiririka michirizi myeusi kwenye kuta, watu wakaziba mabaraza kwa mabati wakapata chumba cha ziada, na hapakuwa na wembe wa kuyaondoa hayo. Toleo la sitini na moja lilikuwa na kurasa kumi na mbili. Subiri akatangulia, na filamu zake zote ziligandana kwa unyevu zikatupwa. Msanifu akafuata. Mume wangu akawa anaandika vibao vya maduka. Masanduku ya ofisi yalikuja kwetu kwa sababu hakuna aliyeyataka. Yalikaa chini ya kitanda miaka thelathini. Yeye amekufa mwezi wa nne uliopita, asubuhi, akiwa anafunga vifungo vya shati. Alifunga viwili.

Wiki mbili kabla ya ile simu ya Jumapili, alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu. Binti wa miaka thelathini hivi, nywele fupi, miwani, viatu vya kutembelea sana. Anaandika kitabu kuhusu majarida ya usanifu wa miaka ile, yalivyoanza na yalivyokufa. Alinisalimia kwa adabu, akala biskuti moja, akakaa sakafuni kwenye masanduku kama mtoto. Alipoifungua karatasi ya mafuta akaiona picha yenyewe ya ukurasa wa kumi na tisa, ile aliyopaka mume wangu, alifunika mdomo kwa mikono miwili.

"Mama, unajua hii ni nini?"

"Naijua."

"Watu wanadhani imepotea. Hii ndiyo sura nzima ya kitabu changu. Uamuzi wa kukiacha kivuli!" Akaifunga tena kama anayemvisha mtoto mchanga. "Nitakuja na gari Alhamisi ya wiki ya tatu. Nakuomba kitu kimoja tu. Zisiguswe kwa mikono yenye maji. Hizi ni rangi za maji, tone moja tu linatosha kuziharibu."

Nilimwambia sawa. Sikumwambia kuhusu hospitali na brashi. Ningeanzia wapi? Yeye amesoma barua zote za Msanifu.

Kwa hiyo mwanangu aliponiomba picha, sikufikiria masanduku mara moja. Nilifikiria Jumatatu, nikiwa nafua. Nilisimama na shati mkononi, povu linanishukia kwenye viwiko, nikajiambia kwamba mume wangu yumo mle. Yumo mara nyingi. Amefunikwa tu.

Nilikausha mikono vizuri, mpaka katikati ya vidole. Nikayavuta masanduku, nikaanza kuzigeuza picha nyuma moja moja. Siku hiyo nilisoma watu ambao hakuna jarida lililowahi kuwaonyesha. Ametolewa: mlinzi, amelala. Wametolewa: wapenzi, hawakutaka kuonekana vilevile. Ametolewa: mbwa, alikuwa mstaarabu. Wametolewa: mafundi wanne wakila, wa tano ananawa. Nilicheka peke yangu chumbani, na nikasikia jinsi kicheko kinavyosikika chumba kikiwa na mtu mmoja. Na kila baada ya picha kadhaa, neno moja: "Mimi."

Picha zenye "mimi" zilikuwa kumi na moja. Nilizipanga kitandani upande wake. Kisha nikazigeuza, nikapitisha ukucha kwa wepesi pale karibu na mlango. Wembe huacha karatasi ina manyoya, na hapo hakuna kitu chini, mtu amekwanguliwa ameondoka kabisa. Rangi huacha kijiuvimbe laini kama poda. Tisa zilikuwa za wembe. Ya kumi ilikuwa ya rangi, lakini unyevu ulikuwa umeshaibandika kwenye picha ya jirani yake, nami nimeshajifunza kuhusu kubandua. Ikabaki moja.

Nadhani unajua ni ipi.

Nyuma yake alikuwa ameandika: "Uk. 19. Ametolewa: mimi. Kivuli kimebaki." Na chini, kwa penseli nyingine, iliyoongezwa baadaye: "Mtoto wa kiume."

Jumanne sikuigusa. Jumatano asubuhi nilipika chai, nikanywa nikiwa nimesimama. Nilikuwa nabishana na binti yule ambaye hakuwepo. Nilimwambia, mwanangu, wewe una sura nzima ya kitabu. Mimi sina uso hata mmoja. Akanijibu, mama, ulisema sawa. Ni kweli nilisema sawa. Nikafikiria kumpigia simu nimwombe ruhusa, na nikajua atasema hapana kwa adabu, na mimi nitasema sawa tena. Maisha yangu yote nimesema sawa. Nilimtazama karani akitoboa ule uso nikasema asante.

Saa tatu nikaweka meza dirishani. Nikachemsha maji nikayaacha yapoe mpaka uvuguvugu. Nikachukua pamba, nikaichovya, nikaikamua mpaka ikawa na unyevu tu wa maji, si maji. Nilikuwa nimemwona akifuta makosa yake namna hiyo. Nilianzia chini, pale kivuli kinapoanzia, kwa sababu kivuli lazima kiwe na miguu.

Rangi ilikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Pamba ikawa kijivu. Vikatokea viatu. Nikabadilisha pamba. Ikatokea suruali, pindo la kulia limepanda kidogo juu ya kifundo, kama siku zote, maana mguu mmoja alikuwa akiuegemea zaidi. Nikabadilisha pamba. Mkono mmoja umeshuka ubavuni. Mwingine hauonekani, umekwenda nyuma ya mgongo, na nyuma ya mgongo kimechungulia kipande cha duara. Ni kofia. Aliambiwa avue, akaificha nyuma. Bawa la watu wote wale, la vitabu na la kuruka, lilikuwa kofia ya mume wangu.

Niliiweka pamba kando. Nikasubiri, kama Subiri. Kisha nikapanda kwenye shati, na kola, na nikafika juu.

Mtu kwenye picha ya jengo ni mdogo. Hilo nilipaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Uso wake ulikuwa na ukubwa wa punje ya mchele. Una kivuli cha nyusi na doa la kidevu, basi. Nilitafuta miwani yake ya kusomea nikaiweka juu kama kioo cha kukuzia, na punje ikawa punje kubwa yenye ukungu. Macho hayapo. Hujui anacheka au amekunja uso kwa jua. Nilikuwa nimeharibu kitu cha watu na sikupata uso.

Lakini alikuwa yeye. Mguu ule, na kofia ile iliyofichwa. Nilikaa naye pale dirishani mpaka jua likahama kwenye meza.

Binti alikuja Alhamisi saa nne, na dereva. Nilimwambia kabla hajakaa. Sikutafuta maneno, nilimpa tu picha. Aliishika kwenye ncha, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Dereva aliona hali ikiwa nzito akasema atasubiri kwenye gari.

"Mama," akasema. "Tuna taa chuoni. Unaimulika picha, unaona kilicho chini ya rangi. Bila kuigusa."

"Mngemwona?"

"Tungemwona."

Sikulijua hilo. Ningelijua vipi? Nilikaa kwenye kiti cha mume wangu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kukikalia tangu aondoke. "Sikuwa na picha yake," nikasema. "Mjukuu anauliza alikuwa mrefu kama nani."

Aliigeuza nyuma. Akasoma. Niliona macho yake yakipita mara moja, yakarudi. "Kivuli kimebaki," akasoma. "Mtoto wa kiume." Akaniangalia. "Kwa hiyo Msanifu hakuamua."

"Msanifu alikuwa amefura kwa hasira. Mume wangu alikuwa amekimbilia hospitali. Nilikuwa najifungua."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani. "Sura yangu nzima," akasema, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeanguka mbele za watu. "Na bawa ni kofia?"

"Ni kofia."

"Kuna profesa mmoja nitampigia simu leo. Sijui ataipokeaje."

Akashuka sakafuni, akalichukua toleo la kumi na nne, akalifungua kwenye ukurasa wa michoro. Akatafuta kwa kidole. "Mlango wa maktaba ni mita mbili na sentimita kumi. Mama, una rula?"

Nilimpa rula ya chuma ya mume wangu, iliyolainika kingo kwa kisu. Akaiweka juu ya picha bila kuigusa sana. Mlango ulikuwa na milimita thelathini na tano. Mtu alikuwa na milimita thelathini kamili, kutoka kisigino hadi nywele. Akapiga hesabu pembeni mwa daftari lake, nami nikaipiga kichwani, tukamaliza pamoja.

"Mita moja na themanini," akasema.

"Mita moja na themanini," nikasema.

Alichukua masanduku yote, na matoleo yote sitini na moja. Ile picha akaniachia. Aliipiga kwa simu yake mbele na nyuma, akaituma kwa mwanangu nilipompa namba, akaandika kwenye orodha yake kwamba ya ukurasa wa kumi na tisa iko kwa familia. Mlangoni aligeuka. "Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo," akasema. "Lakini usimwambie mtu chuoni."

Gari lilipoondoka nyumba ilikuwa na mwangwi chini ya kitanda. Nilichonga penseli. Nyuma ya picha, chini ya maneno yake, nikaandika tarehe, na neno moja: "Amerudishwa." Mwandiko wangu umelala, wake umesimama. Inaonekana wazi ni watu wawili.

Kisha nikampigia mwanangu, ingawa haikuwa Jumapili.

"Nimeiona, mama," akasema. "Sura haionekani."

"Haionekani. Chukua utepe wa kupimia. Pima mita moja na themanini kwenye fremu ya mlango, weka alama, umwite mtoto asimame hapo. Mwambie babu alikuwa mrefu kama hapo."

Nilimsikia akiondoka na simu, akiita, droo ikifunguliwa na kufungwa. Nilisikia sauti ndogo ikiuliza, "Mpaka huko juu?" Nikasikia kiti kikiburutwa.

Nilipokata simu nilichukua rula ile, nikapanda kwenye kigoda ingawa goti lilikataa, nikapima kwenye fremu ya mlango wa jikoni, rula baada ya rula, nikaweka alama. Nikashuka. Nikasimama chini yake, visigino vimegusa mbao, nikaweka kiganja juu ya kichwa na kukiinua polepole mpaka kidole kikafika kwenye alama ya penseli. Kati ya kichwa changu na alama palikuwa na nafasi ya kiganja kimoja na vidole viwili. Hapo kichwani pangu ndipo kilipokuwa kinakaa kidevu chake, na juu yake yeye mwenyewe.